Mashine ya kukereza mabakuli: ya dukani, ya kuchomelewa, au mtumba wa Uingereza?

MwembeWaTabora

Wakuu, habari za majukumu. Niko Tabora, kazi yangu ni milango na vitanda, sasa nataka kuongeza mabakuli ya mbao. Huku miembe ya zamani ipo mingi, mingine imeshachoka kuzaa, na ikikatwa inaishia kuwa kuni za kuchomea matofali. Gogo la mwembe likilala chini kidogo kabla ya kupasuliwa linatoka na michirizi myeusi na ya kijivu ambayo hakuna vanishi inayoweza kuiigiza. Mwenye duka la zawadi Arusha ameona vipande nilivyokerezewa na rafiki, anataka mabakuli ya saladi ya inchi 12 mpaka 14, pamoja na vibakuli vya karanga.

Nina milioni 4 kwa kila kitu. Nimezunguka nikabaki na haya. Kuna mashine ndefu ya Kichina, kitanda chake ni bati lililokunjwa, mota wati 370, puli za ngazi. Muuzaji anasema inabeba kipenyo cha inchi 14 na urefu wa mita moja, na ndiyo ya bei nafuu kuliko zote. Kuna nyingine fupi ya kuweka juu ya meza, chuma cha kusubu, inchi 12, kasi unapandisha na kushusha kwa kitufe. Hiyo peke yake inakula zaidi ya nusu ya hela. Kuna fundi wa kuchomelea hapa mjini anasema nimpelekee mota, mengine nimwachie. Halafu ndugu yangu aliyeko Uingereza anadai mashine za shule za zamani kule zinauzwa bei ya kutupa.

Mngekuwa ninyi mngechukua ipi? Umeme wangu ni wa njia moja, ule wa kawaida wa nyumbani.

Mzee wa Randa

Kijana, hiyo ndefu ina kibao cha kasi. Nisomee ya chini kabisa. Ya juu sina haja nayo.

MwembeWaTabora

Shikamoo mzee. Ya chini ni 810, ya juu 2480.

Mzee wa Randa

Marahaba. Basi mwachie anayekereza miguu ya meza na nguzo za ngazi.

Wakerezaji wana kanuni moja ya kichwani: kipenyo kwa inchi, zidisha kwa mizunguko ya dakika moja, jibu likae kati ya 6000 na 9000. Bakuli lako la inchi 14 linataka mizunguko kama 430 mpaka 640. Mashine inayoanzia 810 inakwisha kwenye inchi 11, na hapo nasema kipande ambacho tayari kimekuwa duara. Wewe unaanza na gogo bichi lililochongwa kwa chenso, upande mmoja mzito kuliko mwingine, kwa hiyo hata hiyo 430 mwanzoni ni nyingi. Inchi 14 kwa mizunguko 810, ukingo unapita kwa zaidi ya kilomita 50 kwa saa, na gogo bichi la ukubwa huo lina kilo kumi na kitu. Likichomoka halibishi hodi.

Na huo urefu wa mita moja anaokusifia haukuhusu. Bakuli lina kina cha inchi tano, sita. Mita moja ni ya mtu anayekereza miguu ya vitanda, na wewe unalipia bati refu ili lipate nafasi zaidi ya kutetemeka. Kwa mabakuli angalia uzito, kasi ndogo na unene wa shafti. Kitanda kikiwa kifupi ndiyo vizuri zaidi, unasimama usoni pa bakuli bila kujipinda mgongo kulifuata.

Jasho la Gikomba

Mzee amenena. Lakini kasi ni puli tu, wakuu, si uchawi. Hapa Nairobi hatungoji meli.

Mota za hertz 50 zile za poli nne huzunguka kama 1450. Tafuta puli ya ngazi nne kwa mota na nyingine kwa shafti, uziweke kinyume: 3 kwa 9, 4 kwa 8, 5 kwa 7, 6 kwa 6, zote inchi. Jumlisha kila ngazi, inakuja 12. Ndiyo maana mkanda ni huo huo mmoja, unauhamisha tu kutoka ngazi moja hadi nyingine. Hapo umepata karibu 480, 725, 1035 na 1450. Ukitaka kwenda chini ya hapo unaongeza shafti ya kati yenye puli zake. Sasa niambie hiyo ya dukani inakupa nini ambacho hiyo haikupi.

Kichwa cha mbele, kile kinachobeba shafti, ndicho cha kufikiria. Wengi hufunga shafti ya milimita 30 kwenye beringi za kusimama, zile UCP 206, kwa sababu zinapatikana kila duka la vipuri. Kwa vibakuli sawa. Kwa inchi 14, shafti ya 30 inatikisika na utasikia patasi ikipiga kelele. Mimi ningechukua haf shafti ya nyuma ya pikapu, ikatwe, ikae juu ya beringi mbili za koni zinazotazamana, ndizo zinazohimili msukumo wa pembeni na wa mbele kwa pamoja. Ile flenji ya kufungia gurudumu inakuwa sahani yako ya kufungia mbao, na imetoka kiwandani ikiwa imenyooka. Kitanda tengeneza kifupi, nusu mita inatosha, kwa chuma cha H ama kipande cha reli. Miguu ijaze mchanga ama zege. Uzito ni bure, mchanga hauna VAT.

MwembeWaTabora

Kaka, hapa Tabora reli imepita, lakini ukikutwa na kipande chake uani kwako hayo maelezo utayatoa polisi. Chuma cha H nitapata.

DadaMsasa

Niko Mombasa, nakereza mabakuli na vinara, kwa hiyo naongea kama mtumiaji.

Kaka wa Gikomba, kwa puli niko nawe. Kwa hiyo flenji ya gari hapana. Ukifunga gogo kwa skrubu kwenye flenji pana namna hiyo, nyuma ya bakuli huwezi kufika, na kitako cha kibakuli cha karanga kinatoboka mashimo manne. Tena zile boliti zikibaki zinazunguka karibu na vidole. Sahani ya skrubu ni ya kuanzia tu. Unakereza nje, unaacha kisiki kifupi kwenye kitako, unageuza, kile kisiki kinabanwa na chaku ya taya nne, unachimba ndani. Mwisho unageuza tena na kukiondoa kisiki. Mteja akigeuza bakuli asione alama ya skrubu, hapo ndipo bei inapopatikana. Wateja wa maduka ya zawadi wote huligeuza, wanatafuta sahihi.

Kwa hiyo swali la kwanza si mashine, ni chaku gani, na chaku inafungwa kwa thredi gani. Mashine ndogo nyingi zina thredi ya inchi 1 yenye meno 8 kwa inchi. Nyingi zinazouzwa Ulaya ni M33 kwa 3.5, yaani unene wa milimita 33 na milimita 3.5 kutoka jino hadi jino. Kubwa za Kimarekani mara nyingi ni inchi 1¼ meno 8. Ukichagua mojawapo kati ya hizo, chaku na sahani utazipata maisha yako yote. Ukikubali thredi ambayo fundi ameamua asubuhi hiyo kwa sababu ndiyo dai ya kukatia thredi aliyonayo, umejifungia.

Halafu hela. Ukimaliza milioni 4 kwenye mashine utakaa unaitazama. Tenga karibu nusu: chaku, bobari ya maana (patasi yenye mfereji), mashine ya kunolea yenye jiwe jeupe, ngao ya uso. Bobari iwe ya chuma cha HSS. Watengenezaji wetu wanafua patasi kutoka springi za gari, na kwa kazi ya mkono ni nzuri sana, lakini kwenye kukereza unanoa kila mara. Springi ikishika rangi ya buluu kwenye jiwe ugumu wake umekwisha pale pale. HSS inavumilia joto hilo.

Na tahadhari moja kubwa kwa wote wanaonunua seti za patasi sita au nane kwenye sanduku: ile pana yenye umbo la U ni ya kuondolea pembe kwenye mti mrefu uliofungwa ncha mbili. Usiiguse kwenye bakuli. Mkia wake ndani ya mpini ni mwembamba, bakuli likiudaka unavunjika, na ile ncha inaruka. Bobari ya bakuli unaijua kwa mfereji mwembamba wenye kina na mwili wa duara mnene mpaka ndani ya mpini.

Kama ningekuwa wewe ningechukua ile fupi ya inchi 12.

Jasho la Gikomba

Dada, inchi 12 na oda ni ya inchi 14. Atakereza na nini hizo mbili zilizobaki?

DadaMsasa

Atamwambia mwenye duka aanze na inchi 10. Bakuli la inchi 10 linaingia kwenye begi la mtalii, la inchi 14 haliingii. Hili nimeliona kwenye meza za kuuzia.

Ila uko sahihi kwamba hizo "inchi 12" za kwenye tangazo zinapimwa juu ya kitanda kitupu. Egemeo la patasi likihitaji kupita chini ya kazi unabakiwa na tisa, kumi.

Mswahili wa Leicester

Salaam wandugu. Mashine anayoisema ndugu yake bila shaka ni Graduate. Ilitengenezwa na Harrison huko Yorkshire, baadaye ikauzwa kwa jina la Union, na ilijaa kwenye karakana za shule hapa mpaka shule zilipoanza kufunga karakana. Kulikuwa na toleo la kitanda kifupi, lililoundwa kwa ajili ya mabakuli tu: mwili mmoja wa chuma cha kusubu kutoka sakafuni mpaka kwenye shafti, na kipenyo mpaka kama inchi 18. Kasi nne, 425, 790, 1330 na 2250. Mzee wa Randa ataona ya chini ni 425.

Ni mashine ya kuachia wajukuu. Sasa matatizo yake. Moja, uzito, haibebwi kwenye sanduku la ndugu anayekuja likizo. Njia inayofaa ni kuchangia nafasi kwenye kontena la mtu anayehamisha vyombo. Pili, nyingi zilikuwa na mota za njia tatu. Tatu, thredi yake ni inchi 1½ meno 6, na nyuma ya kichwa kuna ncha ya pili yenye thredi ya kushoto. Chaku za kuifaa zipo kwa kuagiza kiungo chake, lakini Tabora hutaazima kwa jirani. Bei ya kutupa ni ya hapa Leicester. Ongeza kontena, ushuru, bandari na lori mpaka Tabora, hapo ndipo uiite bei.

Mkiona video za watu wanachimba mabakuli ya inchi 18 kana kwamba wanakata siagi, kodoleeni mashine nyuma yao. Ni Vicmarc ya Australia, Oneway ya Kanada, au Powermatic 3520 ya Marekani ambayo ina zaidi ya kilo 300. Ziko nje ya mada kwa milioni 4. Nova ya New Zealand ina mashine ambazo kichwa kinageuka pembeni, kwa hiyo bakuli linakuwa nje ya kitanda na kipenyo kinaongezeka. Wazo hilo mwige hata kama mashine hununui.

Ukinunua mtandaoni angalia umeme. Za soko la Marekani zinakuja za volti 110 na hertz 60. Transfoma inabadili volti, hertz haibadili. Mota ya kawaida ya hertz 60 ukiitia kwenye 50 inazunguka pungufu kwa moja ya sita na inachemka.

FundiNjiaTatu

Umeniita bila kunitaja. Mwanza hapa, umeme wa viwandani.

Mota ya njia tatu isikutishe, kwa kukereza ni bora kuliko ya njia moja. Unanunua VFD, kiboksi kinachoingizwa umeme wa njia moja wa volti 220 na kutoa njia tatu, na kasi unaiendesha kwa kitufe. Sharti moja: soma kibao cha mota. Kikiandikwa 220/380 au 230/400, funga nyaya zake kwa mtindo wa delta, inafanya kazi. Kikiandikwa 380/660 au 400/690, iache, hiyo delta yake ndiyo 380, na kiboksi chako hakifiki huko. Mota za pampu na mashine za kusaga zinazouzwa mtumba chini ya nguvu za farasi nne mara nyingi ni za aina ya kwanza.

Watu wanakosea kudhani ukishapata VFD puli hazina kazi. Ukishusha kutoka hertz 50 mpaka 25, mzunguko unashuka nusu, na nguvu ya mota inashuka nusu pia. Mota ya farasi wawili inakuwa ya mmoja, hapo hapo unapochimba bakuli kubwa na unahitaji nguvu zaidi. Tena feni ya mota imefungwa kwenye shafti yake, ikizunguka polepole haipoozi. Kwa hiyo bakiza angalau ngazi mbili za puli, ya 3 kwa 9 na ya 5 kwa 7, halafu VFD ifanye kazi kati ya hertz 30 na 60. Hapo una kuanzia kama mizunguko 290 mpaka zaidi ya 1200 bila mota kuumia.

Usiiwekee breki kali. Ukisimamisha ghafla, chaku nzito inaendelea kuzunguka na kujifungua yenyewe kwenye thredi. Weka sekunde nne, tano za kupunguza. Na kiboksi kikae mbali na vumbi la mbao.

Mwisho, swichi ya kuzima iwe upande wa nyuma, unapofikia bila kupita mbele ya gogo linalozunguka.

MwanaSiyu

Mnanichekesha kwa farasi na hertz. Kwetu Lamu na Siyu miguu ya vitanda imekerezwa kwa uta miaka na miaka. Fundi ameketi chini, mkono mmoja unavuta uta, ule uzi unauzungusha mti kwenda na kurudi, patasi ameishikiza kwa mkono wa pili na dole la mguu. Inakata mti ukija, ukirudi anaipumzisha. Nakshi za pete kwenye vitanda vya samadari zimetoka humo.

Lakini sitawadanganya kwamba ilitoa mabakuli makubwa. Chano na makombe ya mti yalichongwa kwa tezo.

MwembeWaTabora

Ahsanteni sana, nimejifunza kuliko nilivyotegemea. Hiyo ndefu nimeifuta. Graduate nimeiweka kwenye ndoto. Nimebaki kati ya ile ya inchi 12 na ya kuchomelewa. Nikichanganya: kichwa kama cha kaka wa Gikomba lakini shafti iwe na thredi ya M33 mbele badala ya flenji, kitanda cha chuma cha H nusu mita, mota ya njia tatu na VFD. Mzee unasemaje?

Mzee wa Randa

Inawezekana, ila usimpe mchomeleaji kila kitu. Mchomeleaji ni wa miguu na fremu. Shafti ipeleke kwa fundi wa leizi, mashine ya kukereza chuma, kitu kingine kabisa. Gerezani hapa Dar wapo, na kwenu lazima yupo anayetengeneza shafti za mashine za kusaga, muulize yeye.

Kuchomelea kunavuta chuma. Wakimaliza kuunga kitanda, lazima kiwe kimepinda, hata kama hukioni kwa jicho. Wachomelee kwa vipande vifupi, kushoto kulia, wakiacha kipoe, na nyumba za beringi zifungwe kwa boliti juu ya kitanda, zisichomelewe moja kwa moja. Ukifunga kwa boliti unaweza kutia bati jembamba chini na kunyoosha. Ukichomelea, umeoa.

Urefu wa shafti kutoka chini uwe usawa wa kiwiko chako. Wakupime wewe, si mtoto wa karakana.

DadaMsasa

Na kichwa cha nyuma? Nimeona mpaka sasa hakuna aliyekitaja. Msijidanganye kwamba bakuli halikihitaji. Gogo bichi likiwa bado halijawa duara linabanwa pande zote mbili, mbele na nyuma, mpaka nje kuishe. Hapo ndipo ajali nyingi zinapotokea. Baada ya kugeuza ndipo unakiondoa.

Jasho la Gikomba

Kweli. Lakini kwa bakuli hakilazimiki kuwa sawasawa na shafti kwa unywele kama kwa mguu wa meza. Ncha inayozunguka, bomba ndani ya bomba, skrubu ndefu na gurudumu la kushikia. Ikikosea nusu milimita, gogo halijui.

DadaMsasa

Halijui kwa sababu wewe hutoboi katikati. Atakayetaka kuanzia ndani kwa keekee iliyofungwa kichwa cha nyuma atajua siku hiyo.

Sawa, jenga. Mimi bado ningenunua, maana kwa ya dukani naanza kuuza mwezi huo huo, na ya kujengwa utakuwa unakimbizana na fundi wa leizi, wa puli na wa umeme. Ila kwa inchi 14 na bajeti hiyo sioni njia nyingine iliyo salama.

Mzee wa Randa

Wakati mashine inajengwa, usikae bure. Kata magogo sasa. Pasua katikati ya moyo wa mti, moyo wenyewe utoe wote, ndio unaopasua bakuli. Ncha zote mbili zipake nta au hata rangi nzito ya mafuta siku hiyo hiyo, mwembe unapasuka haraka. Siku mashine ikiwaka, kereza yote kwa unene tu: ukuta wa bakuli uwe moja ya kumi ya kipenyo, kwa inchi 12 ni kama sentimita 3. Yaweke kivulini, ndani ya mifuko ya karatasi au kwenye vumbi lake la kukereza, yakauke taratibu. Yatapinda na kuwa mviringo wa yai. Ndipo unayarudisha kwenye mashine na kuyamaliza. Anayekereza mara moja mti mbichi na kupeleka Arusha, bakuli linapasukia dukani.

DadaMsasa

Yakipinda, kisiki cha kitako nacho kinapinda. Kiache kinene ili ukinyooshe upya kabla chaku haijabana mara ya pili.

Na barakoa ya vichujio, si kitambaa. Utomvu wa mwembe unawasha baadhi ya watu. Mvule unaleta kikohozi na vipele. Mpingo pia. Hiyo mitatu ukiizoea bila barakoa, siku ya kukukataa haitatoa taarifa.

MwanaSiyu

Mpingo na mninga msisahau kwamba biashara ya nje ya nchi ina masharti ya CITES, mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea na wanyama walio hatarini. Jamii ya mpingo tangu 2017, na mninga uliwekwa kwenye orodha 2022 pamoja na mkongo na mkangazi wa Afrika. Mwembe hauna shida hiyo. Ila kusafirisha magogo yenyewe pita TFS, wakala wa misitu, kwanza, msije mkamkuta mtu wa kizuizi akiwasubiri.

MwembeWaTabora

Nimeshaelewana na ndugu wa Uingereza: badala ya mashine atanitumia chaku ya taya nne yenye thredi ya M33 na bobari moja ya HSS, vinaingia kwenye begi. Mota ya farasi wawili nimeipata, kibao kinasema 220/380. Fundi wa leizi amekubali, anataka nimwandikie vipimo vya shafti aanze wiki hii.

FundiNjiaTatu

Kibao safi. Funga delta, na waya uwe wa milimita za mraba 2.5 angalau, usiunge ekstensheni ya redio.

DadaMsasa

Asianze wiki hii. Ngoja chaku ifike, umpelekee mkononi, aikate thredi akiijaribu pale pale. Ukimwandikia "M33" tu, anaweza kukupa meno ya 3 au ya 2 kwa sababu nati aliyonayo ndivyo ilivyo, wewe unataka 3.5.

Na mwambie nyuma ya thredi aache bega, chuma kinene kilichokatwa bapa kabisa. Chaku hainyooshwi na thredi, inanyooshwa na bega hilo inapolikalia.

MwembeWaTabora

Bega upana gani, dada?

DadaMsasa

Lilingane na mdomo wa nyuma wa chaku, ndiyo maana nasema mpelekee chaku yenyewe. La muhimu, thredi na bega vikatwe kwa mkao mmoja. Akishaifunga shafti kwenye leizi yake asiitoe katikati akale chakula na kuja kuifunga upya.

Mzee wa Randa

Kaa naye hapo hapo. Chakula mnunulie wewe.